Je, wajua kwa nini methani ya viwandani haifuati ukubwa wa viwanda?

Anayelinganisha Uganda na Uingereza kwa methani, mojawapo ya gesi zinazopasha dunia joto, inayotoka viwandani pale kuni, gesi au makaa ya mawe yanapochomwa, mwaka baada ya mwaka, huanza na dhana ambayo nami niliishikilia kwa muda mrefu: kwamba nchi yenye viwanda vingi ndiyo itoayo methani nyingi, na kwamba methani hupanda na kushuka sambamba na kaboni dioksidi. Kwa kaboni dioksidi dhana hiyo inakaribia ukweli, kwa kuwa karibu kaboni yote inayoungua huishia humo. Methani ni kinyume chake, kwani yenyewe huwaka, na inayoonekana juu ya bomba la moshi ni ile iliyoponyoka bila kuungua. Kwa hiyo hatuulizi tu moto ni mkubwa kiasi gani. Tunauliza umewaka vizuri kiasi gani.

Tazama tanuri la matofali kando ya barabara huko Wakiso, Uganda. Matofali mabichi hupangwa, vinywa vya moto huachwa chini, magogo husukumwa ndani, kisha kuta hukandikwa udongo ili joto lisitoke. Gogo halishiki moto lote kwa pamoja: nje linawaka, ilhali ndani lingali na unyevu na linaokwa tu, kama muhogo uliofukiwa kwenye majivu ya moto. Kuokwa huko hutoa kaboni monoksidi, haidrojeni na methani. Zikikutana na hewa ya kutosha zingali na joto kali, gesi hizo huungua na kwisha. Zikipita penye hewa haba, au zikipoa njiani, hutoka pamoja na moshi.

Ajabu ni kwamba gesi asilia, ambayo sehemu kubwa yake ni methani yenyewe, ndiyo iachayo methani kidogo inapochomwa. Huingia kwenye kichomeo ikiwa tayari ni gesi, ikachanganyika na hewa kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka katika mchuzi. Gogo ni bonge la chumvi lililotupwa sufuriani. (Gesi inayovuja kwenye mabomba huhesabiwa katika safu nyingine ya hesabu za taifa za gesi hizi.)

Mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, unakadiria, kwa kila terajuli (kipimo cha nishati) ya joto la kiwandani, kilo 1 ya methani kwa gesi asilia, kilo 3 kwa dizeli, kilo 10 kwa makaa ya mawe na kilo 30 kwa kuni au mabaki ya miwa. Terajuli moja ni joto la takriban tani 64 za kuni. Ndiyo maana kiwanda cha chai karibu na Fort Portal, chenye marundo ya mikaratusi kando ya boila, kinaweza kuandikiwa methani mara 30 ya kiwanda cha Uingereza kinachopata joto lile lile kwa gesi. Kaboni dioksidi ya kuni hizo, kwa upande wake, haijumlishwi katika safu ya nishati, bali hufuatiliwa kwenye hesabu za ardhi na misitu, na hapo mistari miwili ya nchi moja, wa methani na wa kaboni dioksidi, huachana.

Tahadhari inahitajika, kwa sababu kwa kawaida hizi ni hesabu za mafuta yaliyochomwa, si vipimo vya moshi. Kwa kuni mwongozo wenyewe unaruhusu kati ya kilo 10 na 100, na kuni nyingi za matofali hazipiti kwenye mizani yoyote. Tena, methani hii ni ndogo mno ikilinganishwa na ile ya ng'ombe.

Uingereza nayo ilianza kupokea gesi ya Bahari ya Kaskazini mwaka 1967, na kadiri viwanda vilivyoacha makaa ya mawe, kila terajuli iliyohama ilishusha makadirio kutoka kilo 10 hadi 1. Kiwanda kilichoacha makaa ya mawe kikachagua mbao kimepunguza kaboni dioksidi katika safu yake ya nishati, lakini kwa makadirio yale yale ya IPCC methani yake imepanda mara tatu.