Kwa nini laki nne za marehemu zipitie mahakamani?

Tuseme bibi wa Kibosho, juu kidogo ya Moshi, amefariki. Ameacha mbuzi wawili, sufuria zake, kitenge ambacho hakuwahi kukishona, na laki nne benki. Matanga yakiisha, mbuzi na sufuria wanagawana palepale uani. Benki ndiko binti yake anakoambiwa: leta barua ya mahakama.

Wengine hukwepa kwa kutoa hela kimyakimya kwa kadi ya marehemu. Ugomvi unawasubiri, kwani taarifa ya akaunti inaonyesha siku hela ilipotoka na cheti cha kifo kinaonyesha siku mwenyewe alipofariki.

Benki inataka mtu mmoja anayetambulika kisheria, yaani msimamizi wa mirathi, ili kesho akitokea mtoto mwingine isilipe mara mbili. Na udogo wa mali hausaidii sana. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 ilisema mali isiyozidi shilingi 1,000 haihitaji msimamizi, labda mahakama ione lazima kuwalinda wadai au warithi. Elfu moja! Kilo ya maharage hupati.

Afueni ni kwamba huhitaji kwenda Mahakama Kuu. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikokuwa akiishi marehemu. Ukristo peke yake haumtoi mtu kwenye mila. Mahakama huangalia aliishije na alikusudia nini. Ila hapo ndipo mapingamizi mengi huzaliwa, kwa hiyo muulize karani kabla ya kufungua shauri.

Binti atajaza fomu namba 1 na kuambatanisha cheti cha kifo. Muhtasari wa kikao cha ukoo nao ataulizwa, ingawa kikao ni desturi tu. Ukoo unapendekeza, hakimu ndiye anayeteua. Tangazo linabandikwa, mwenye pingamizi ajitokeze. Asipotokea, binti anapewa fomu namba 4, ile barua benki inayoitaka.

Msimamizi si lazima awe ndiye mrithi wa kila kitu, jambo ambalo kaka wakubwa husahau upesi. Ndani ya miezi minne anatakiwa kurudisha fomu namba 5 yenye orodha ya mali na madeni, kisha namba 6 ya hesabu za mgawanyo.

Na wale mbuzi wa uani? Nao wanaandikwa kwenye namba 5, maana inaulizwa mali yote aliyoiacha bibi siku ile.