Plastiki ya mabaki ya chakula hutengenezwa kwa njaa

Mwaka 1926, Maurice Lemoigne wa Taasisi ya Pasteur nchini Ufaransa alieleza kwamba bakteria aitwaye Bacillus megaterium hulimbikiza ndani ya seli yake polima (molekuli ya mnyororo mrefu) iitwayo PHB, ambayo kwake ni akiba ya chakula na kwetu ni plastiki. Polima hiyo ni ya jamii ya PHA, yaani plastiki zinazotengenezwa na bakteria, ambayo ndiyo ninayoizalisha kutokana na mabaki ya chakula.

Mabaki hayo ni malighafi yenye vurugu, kwa kuwa kila shehena huja na kiasi chake cha wanga, mafuta, protini na chumvi. Kwa hiyo huwa tunaanza kwa kuyasaga na kuyachachusha katika tangi lisilo na hewa, yageuke asidi zenye mnyororo mfupi, hasa ya asetiki, ya propioniki na ya butiriki. Tope likikawia humo, vijidudu vinavyozalisha metani hustawi na kuzimaliza asidi hizo, ndiyo sababu tunalitoa mapema, lingali chachu.

Kazi yenyewe hasa imo katika tangi la pili, ambalo hupulizwa hewa mfululizo. Bakteria hupewa asidi hizo kwa muda mfupi, kisha huachwa na njaa kwa saa nyingi. Asiye na akiba hudhoofika, na mwenye akiba huendelea kukua kwa kuila. Mizunguko ikijirudia, walimbikizaji hodari hutawala tangi, bila sisi kununua mbegu safi ya bakteria wala kutakasa vyombo kwa mvuke, gharama ambayo peke yake ingetosha kuua mradi. Kipima oksijeni huonyesha kila kitu: mlo unapoingia, oksijeni iliyoyeyuka hushuka ghafla, na asidi zinapokwisha hupanda karibu wima. Kadiri mpando huo unavyowahi, ndivyo ninavyoamini kwamba kundi limekomaa.

Hapo sehemu ya bakteria huhamishiwa tangi la tatu, lenye asidi tele na naitrojeni kidogo. Wakishindwa kugawanyika kwa uhaba wa naitrojeni, hujaza seli zao chembe za PHA. Kuzitoa chembe hizo ndiko kugumu zaidi kwa maoni yangu: klorofomu, ambayo huiyeyusha, hutoa polima safi lakini ni sumu, ilhali hipokloraiti ya sodiamu, kemikali ya dawa ya kupaushia nguo, ni rahisi kutumia lakini hukata minyororo ya polima na kuidhoofisha.

PHB tupu ni ngumu na hukatika upesi, tena huyeyuka kwenye nyuzi 175 hivi za Selsiasi, karibu mno na joto linaloanza kuivunjavunja. Asidi ya propioniki ikizidi katika mlo, bakteria huchanganya katika mnyororo wa polima vipande vya aina nyingine, viitwavyo valerati, na plastiki hulainika na kuyeyuka mapema zaidi, jambo linalomaanisha kwamba ubora wake huamuliwa tangu tangi la uchachushaji.

Kuhusu kuoza, PHA huliwa na vijidudu vya udongoni na hata vya baharini, tofauti na PLA, plastiki nyingine inayotokana na mimea, ambayo kwa kawaida huhitaji mboji ya kiwandani yenye joto la karibu nyuzi 60. Hata hivyo unene una kauli yake: utando mwembamba wa PHA hutoweka mapema, lakini kipande kinene cha polima ileile huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu vimeng'enya huila kuanzia juu kwenda ndani.