Kurambaza sangara: mshipi usilegee

Sangara wa kilo 30 atachoka tu. Hana mbio ndefu: huchomoka mara mbili tatu, huruka, kisha hujilaza ubavu. Kazi yako ni kuhakikisha ndoano bado iko mdomoni wakati huo ukifika. Wengi wanaompoteza husema mshipi umekatika, lakini ukiuvuta unarudi mzima na chambo (samaki wa bandia mwenye ndoano) kinaning'inia, ndoano moja imenyooka au pete inayoishikilia imefunguka. Ama kila kitu ni kizima, samaki tu hayupo.

Sababu iko kwenye mdomo wake. Ni mpana na una mfupa mwingi, kwa hiyo ndoano hushika juujuu kuliko unavyodhani. Akitoka majini hufungua mdomo na kutikisa kichwa, na chambo cha gramu 70 kinakuwa nyundo inayojing'oa yenyewe. Mshipi ukiwa umelegea hata nusu sekunde, kwaheri.

Tuanze na vifaa. Kwa kurambaza, yaani kuburura chambo nyuma ya boti, napendelea nailoni ya mm 0.50 hadi 0.55 kuliko mshipi wa kusuka. Nailoni hutanuka, na kule kutanuka kunameza mshtuko anapopiga. Wa kusuka ni mzuri ukirusha kutoka kwenye miamba, lakini kwenye boti inayotembea hurarua mdomo. Mbele funga mita mbili za nailoni nene, mm 0.9 au 1.0, kwa sababu meno ya sangara ni madogo kama msasa na ukingo wa shavu lake unakata. Waya hauhitajiki. Waya ni wa kibebe wa Tanganyika mwenye meno ya kisu. Kwa sangara unaharibu tu mchezo wa chambo.

Breki ya rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, ipime kwa mizani ya kuning'iniza, usikisie kwa mkono. Kilo 5 hadi 6 zinatosha. Ndoano za kiwandani kwenye vyambo vingi ni nyembamba: ibane moja kwa koleo ujaribu kuikunjua. Ikikubali kwako, itakubali kwa sangara. Badilisha ndoano pamoja na pete zake, maana pete dhaifu ndiyo inayosahaulika.

Chambo cha sm 14 hadi 18 kinachozama mita 4 hadi 7 kinafaa sehemu nyingi za Ziwa Victoria. Pita kando ya ncha za visiwa, pale mwamba unapoporomoka kutoka mita 4 hadi 10. Rubondo, Mfangano na Rusinga zina kingo za namna hiyo. Sangara havumilii maji yaliyopungukiwa oksijeni. Kuanzia Septemba hadi Aprili maji ya ziwa hujitenga kwa tabaka na ya chini kabisa huishiwa hewa, kwa hiyo kushusha chambo shimoni ni kupoteza mafuta. Alfajiri na jioni ndipo penye faida, kwani macho yake yanaona vizuri kwenye mwanga hafifu kuliko ya windo lake.

Mwendo uwe kilomita 4 hadi 6 kwa saa. Mshipi mmoja uachie mita 25, mwingine 40. Tazama ncha ya fimbo: ikitetemeka, chambo kinaogelea, ikinyamaza, kimenasa gugu maji, kivute ukisafishe. Chambo kikikimbilia upande mmoja, pinda kidogo tundu la kufungia kuelekea upande wa pili. Boti ikikata kona, chambo cha nje huongeza kasi na cha ndani hupunguza. Kikipigwa cha nje, ongeza mwendo. Kikipigwa cha ndani, punguza. Hapo samaki mwenyewe amekuambia anachotaka.

Akipiga, usizime injini. Endelea mbele sekunde 10 hivi, mshipi ukae umekaza hadi ndoano izame, ndipo upunguze mwendo na mwenzako akusanye mshipi mwingine. Kisha angalia pembe ya mshipi. Ukianza kupanda haraka kutoka kinani kuja juu, anakuja kuruka. Teremsha ncha ya fimbo ubavuni hadi karibu iguse maji, na uzungushe rili bila kusita. Fimbo iliyoinuliwa juu humsaidia kutoka nje.

Mita tano za mwisho ndizo mbaya zaidi. Mshipi ni mfupi, hautanuki tena, naye akiona boti huchomoka upya. Punguza breki kwa theluthi moja kabla hajafika.

Kama unamrudisha majini, bana kwa koleo vijimwiba vya ndoano, vile vijino vinavyoizuia isichomoke, kabla ya safari. Bondo la sangara, yaani mfuko wa hewa ulio tumboni, halina njia ya kutolea hewa, hivyo akivutwa haraka kutoka kina kirefu hujaa upepo na tumbo la chakula humtokeza mdomoni. Usilitoboe. Ni sababu nyingine ya kutozidi kina cha mita 8. Mshike mdomo wa chini kwa glavu akiwa ubavuni mwa boti, na boti itembee polepole ili maji yapite kwenye matamvua. Usimning'inize wima kwa ajili ya picha. Uzito wake mwenyewe unamuumiza taya na shingo. Na mikono isikae majini muda mrefu kuliko lazima, hasa Rubondo, ambako mamba nao wanamtaka sangara huyohuyo.