Farasi wa Altezza hawafiki wote Tabora

Jumamosi iliyopita vijana wawili waliniganda gereji, hapa Isevya, niamue ipi zaidi: Toyota Altezza au Subaru Impreza ya turbo. Mwenye Altezza alikuwa na silaha moja tu, namba 210. Nguvu ya farasi 210, injini ya lita mbili, bila turbo. "Kubali fundi, Toyota walitisha."

Walitisha kweli. Ila namba hiyo ni ya hewa ya usawa wa bahari, na sisi Tabora tuko mita kama 1,200 juu. Injini haili petroli peke yake, inakula na hewa, na hewa ya huku ni nyepesi. Isiyo na turbo inavuta ilichokuta, basi. Kwa hesabu ya haraka unapoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100, kwa hiyo 210 za kwenye karatasi huku zinabaki 185 hivi. Ukiliteremsha gari hilohilo Kigoma, kando ya ziwa, unarudishiwa kidogo.

Turbo haikubali kupangiwa. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha kifeni, zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nacho kinashindilia hewa ndani. Hewa ikipungua uzito, kinaongeza mbio kufidia. Gharama yake ni joto. Ukijaza baiskeli upepo, shika pampu chini uone inavyochoma. Ndiyo maana Impreza ina lile tundu kwenye boneti: upepo unaingia kupoza intakula, kipozea hewa ya turbo kilicholala juu ya injini. Iache inaunguruma juani bila kutembea, kisha ondoka ghafla, utaona mwanzoni inavyokuwa nzito.

Altezza ya kijana nayo ilikuwa na tundu. Nikaligonga kwa ukucha: plastiki, imebandikwa kwa gundi, chini yake bati zima. Nikanyamaza. (Binafsi sielewi. Gari lina dashibodi yenye sura ya saa ya mkononi na taa za nyuma zilizoigwa dunia nzima, unaliongezea pua ya nini?)

"Fungua boneti, mdogo wangu."

Kwenye kibao cha chesisi imeandikwa GXE10. Yenye farasi 210 ni SXE10, injini 3S-GE, silinda nne, tena iwe ya gia za mkono. Ya otomatiki Toyota wenyewe waliiandikia 200. GXE10 inabeba 1G-FE, silinda sita kwenye mstari mmoja, inateleza kama asali ya Sikonge, lakini ni 160. Kwa hewa yetu, 140 na ushee. Nikamhesabia koili za plagi moja moja, kila silinda na yake: sita. Akazihesabu tena mwenyewe.

Mwenye Impreza alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nikamuuliza, akitoka mbio za barabara ya Nzega anazimaje gari.

"Nazima tu, fundi. Kwani kuna namna?"

Ipo. Ukizima papo hapo, oili inakatika wakati turbo bado ya moto kama jiko. Iliyobaki kwenye beringi inaungua na kuganda kama masizi, na siku zinavyokwenda oili inaanza kupenya. Dakika moja au mbili za kuiacha ipumue zinatosha. Nikamwambia awashe, akanyage kidogo.

Ekzosi ikatoa moshi wa bluu, wa oili inayoungua. Kicheko kikahamia upande wa Altezza.