Kisanduku kitupu kwenye daftari la darasa

Daftari langu la darasa ni lile la jalada gumu la kununuliwa dukani. Kushoto nimeandika majina kumi na manne, kulia nimepiga visanduku vya Jumapili zote za mwaka. Aliyekuja namtilia tiki. Aliyetuma udhuru namwandikia U. Asiyekuja wala kutuma neno, kisanduku chake nakiacha kitupu. Ni mwaka wa kumi na saba sasa nalishika daftari hili katika kanisa la Methodisti huku upande wa Mazeras, pwani ya Kenya. Siku za kazi mimi ni msaidizi wa kisheria: nawaandikia watu madai ya mishahara, ya ardhi, ya matunzo ya watoto. Wengi huniuliza kazi hizi mbili zinakutania wapi. Zinakutania kwenye kisanduku kitupu.

Nayaandika haya kwa sababu ya vijana wetu. Kila mara nchi yetu inapopamba moto wananijia na ombi moja: kanisa litoe tamko. Uchungu wao naujua na wala sipingi tamko; kanisa likinyamaza wakati watu wanaumizwa, linatenda dhambi. Ila naona wanaanzia mwisho. Kwetu sisi Wamethodisti, haki haikuanzia mimbarani wala kwenye karatasi yenye muhuri wa askofu. Ilianza na mtu aliyekwenda kubisha mlango wa mwenzake.

Kwa msomaji asiye wa kanisa letu: darasa hapa si la shule. Ni kundi dogo la waumini, kumi au kumi na wawili hivi, wenye kiongozi mmoja ambaye si kasisi. Asili yake ni deni. Februari 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, walikaa kushauriana namna ya kulipa deni la jengo lao la ibada. Nahodha mmoja aitwaye Foy akasema kila mtu atoe peni moja kwa juma. Akajibiwa kuwa wengi wao ni maskini, peni hiyo hawana. Basi, akasema, nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Nitawapitia kila juma, na asiyeweza nitamlipia. Wengine nao wakakubali vivyo hivyo, na kila kiongozi akaanza kuzunguka nyumba hadi nyumba.

Huko walikokwenda kufuata peni walikuta mambo mengine. Walirudi kwa Wesley na habari za huyu mlevi na yule asiyepatana na mkewe, naye akaona papo hapo kwamba amepata njia ya kuwachunga watu wake. Tusiipambe historia: darasa lilianza kama jicho la kuangalia mwenendo wa watu, na mpaka leo wapo viongozi wanaolitumia kwa hilo tu. Lakini ukishaingia nyumbani mwa mtu huoni ulevi peke yake. Waona na sufuria iliyofunikwa isiyo na kitu ndani. Waona mtoto wa kwenda shule amelala saa nne asubuhi. Haichukui miaka mingi ikadhihirika: mwaka 1746, kule London, katika jengo waliloabudia ambalo zamani lilikuwa kiwanda cha kuyeyushia mizinga, Wesley alikuwa ameanzisha ugawaji wa dawa kwa maskini na mfuko wa mikopo midogo, hadi shilingi 20, ya kurejeshwa ndani ya miezi mitatu. Mama zetu wa chama cha kuweka na kukopeshana hawahitaji kufafanuliwa hapo.

Wesley huyohuyo mwaka 1774 aliandika kijitabu cha kuushambulia utumwa. Februari 1791, akiwa na miaka 87, siku sita tu kabla ya kufa, alimwandikia mbunge William Wilberforce kumtia moyo asiache kupigania kuukomesha. Asubuhi ile alikuwa amesoma maandishi ya Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, na kilichomkera zaidi ni kwamba katika makoloni ushahidi wa mtu mweusi dhidi ya mzungu haukuhesabiwa kitu. Hapo mimi husimama kila nisomapo, kwa sababu ndiyo kazi yangu ya kila siku: neno la nani linahesabiwa.

Sasa nirudi kwenye daftari.

Miaka michache iliyopita kisanduku cha mama mmoja kilikaa kitupu Jumapili tatu mfululizo. Si kawaida yake. Alikuwa anatangulia kufika kufagia ua. Jumatano jioni nikaenda na bibi mmoja wa darasa letu, maana mwanamume haendi peke yake kumtembelea mwanamke. Tukapiga hodi. Akatoka anafuta mikono kwenye kanga, hakututazama usoni.

“Dada, tumekukosa,” bibi akamwambia.

“Bibi, sadaka sina. Ningekujaje mikono mitupu?”

Huyo ni mfanyakazi wa nyumbani. Kumbe alikuwa na miezi mitano hajalipwa. Mwajiri wake alimwambia anamwekea akiba, atampa zote pamoja. Alipozidi kuuliza, akaambiwa kama hataki aondoke, wapo wengi wanaotafuta kazi. Ukutani mwake palitundikwa kalenda ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa amezungushia tarehe kwa kalamu ya wino mwekundu. Miduara mitano. Nikamwomba asiitoe ukutani mpaka nirudi na simu yenye kamera nzuri.

Jambo lililotuumiza zaidi alilisema mwisho, kwa sauti ya chini. Mwajiri ni mtu wa kanisa. Yuko katika sakiti yetu, yaani kundi la makanisa jirani yanayoongozwa pamoja, ila kanisa jingine, hukaa benchi la mbele, na katika harambee ya mabati alitoa pakubwa.

Darasa lilipokutana juma lililofuata, tulikaa kimya kwa muda. Torati inakataza ujira wa kibarua ulale kwako hadi asubuhi. Waraka wa Yakobo unasema mishahara iliyozuiwa inapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Tumeyasikia maneno hayo yakihubiriwa mara nyingi, lakini safari hii kelele zilikuwa zinatoka benchi la mbele.

Tuliifuata Mathayo 18. Niseme wazi kwamba mlango huo wa Injili hutumiwa vibaya kuwanyamazisha wanyonge: yamalizeni kindugu, msiwatie aibu watu. Sivyo tulivyousoma. Unasema mwendee aliyekosa. Asiposikia, nenda na wawili au watatu ili kila neno lithibitike kwa mashahidi. Asiposikia, liambie kanisa. Hizo ni ngazi, na kila ngazi inaongeza masikio. Hakuna palipoandikwa kwamba aliyedhulumiwa ndiye aende peke yake mbele ya aliyemdhulumu, wala kwamba ukishapanda ngazi hizo umekatazwa kwenda serikalini.

Huku tukipanda ngazi, tulikusanya karatasi. Yule mama hakuwa na mkataba wa maandishi na alidhani basi hana kesi. Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ndiye aandae mkataba wa maandishi kwa kazi inayofika miezi mitatu na kuendelea. Na mambo yakifika mahakamani naye hana maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya kazi ni wake, si wa mfanyakazi. Mfanyakazi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wa kiwandani. Tukatoa taarifa yake ya M-Pesa: ilionyesha mshahara ukiingia kila mwisho wa mwezi, kiasi kilekile, kutoka namba ileile, kisha ghafla kimya. Tukaiweka sambamba na picha ya ile kalenda. Mduara wa kwanza ulianzia mwezi uleule fedha zilipokatika.

Wapo waliotukasirikia. Mzee mmoja aliniuliza kama tumetumwa kulivunja kanisa. Sikumlaumu, kwa sababu hofu yake ina historia ndefu ndani ya Umethodisti wenyewe. Kule Marekani, Wamethodisti walipounda kanisa lao mwaka 1784 waliweka kanuni kali dhidi ya kumiliki watumwa. Haukupita hata mwaka, wakaisimamisha, kwa kuwa wenye watumwa walikuwamo ndani na walikuwa na nguvu. Mwaka 1844 kanisa likapasuka, kaskazini na kusini, juu ya askofu mwenye watumwa. Kila waliposema tusubiri, umoja kwanza, waliolipia umoja huo ni wale waliokuwa minyororoni.

Uingereza nako vibarua sita wa shamba katika kijiji cha Tolpuddle walihukumiwa mwaka 1834 kupelekwa Australia miaka saba. Ujira wao ulikuwa umeshushwa kutoka shilingi 9 kwa juma hadi 7, na walitishiwa 6, wakaungana. Kosa walilobambikiwa ni kula kiapo cha siri. Watano kati yao walikuwa Wamethodisti, na kinara wao, George Loveless, alikuwa mhubiri asiye kasisi. Mtu wa shamba alijifunzia wapi kuongoza mkutano, kutunza orodha, kukusanya senti za kila juma na kusema mbele za watu bila kutetemeka? Darasani. Malalamiko ya watu yalipozidi walisamehewa mwaka 1836. Ninapomwona kijana wetu anashika daftari kwa mara ya kwanza huwa namkumbuka Loveless.

Na hapa nyumbani? Mmisionari wa Kimethodisti Thomas Wakefield alifika pwani yetu mwaka 1862 na kazi ikaanzia Ribe, si mbali na ninapoandikia. Ribe na Jomvu zikawa mahali ambapo watumwa watoro waliokimbia mabwana zao walijificha. Mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,000 waliokuwa katika misheni za pwani, wengi wao Rabai, walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Kiingereza kuwalipa fidia mabwana zao. Mabwana ndio waliolipwa. Waliofanyishwa kazi bure hawakupewa hata ujira wa siku moja. Nikiandika dai la mshahara huwaza jambo hilo.

Kuna somo jingine la Meru, na hili vijana wangu walisome mara mbili. Karibu mwaka 1930 wamisionari wa Kimethodisti kule waliwataka waumini waape kuachana na ukeketaji. Wengi wakaliacha kanisa badala yake. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, kwa msukumo wa maofisa wa kikoloni, wakaupiga marufuku. Wasichana wakanunua nyembe, wakaingia vichakani, wakakeketana wenyewe. Wakaitwa Ngaitana, yaani nitajitahiri. Katika miaka mitatu watu zaidi ya 2,400 walishtakiwa. Ukeketaji ni dhuluma kwa mwili wa mtoto, nasema hivyo bila kusitasita, na sheria ya mwaka 2011 inayoukataza naiunga mkono. Lakini amri ile ilikuwa ya haki bila mtu kukaa na wale wasichana. Baadaye kanisa, kupitia hospitali yake ya Maua, liliingia njia nyingine: kuwafundisha wasichana na kuwasherehekea bila wembe, mama zao wakiwa hapohapo. Ni kazi ya polepole, ya kubisha hodi.

Mwajiri yule ngazi ya kwanza alitufukuza, ya pili akatucheka. Kabla ya ya tatu tulikwenda ofisi ya leba, tukapeleka karatasi zetu, naye akaandikiwa barua ya kuitwa. Alikuja. Afisa alizisoma ile taarifa na ile picha, akamuuliza swali moja tu: mkataba uko wapi? Alilipa kwa mafungu matatu. Miezi minne ililipwa kamili, wa tano haukukamilika, na yule mama akasema amechoka, iishie hapo. Tulimheshimu. Kesi ilikuwa yake, si yetu.

Mwajiri aliacha kuja ibadani. Mabati ya kanisa lake upande mmoja hayajapigwa mpaka leo. Mvua ya masika wanahamisha viti. Mchungaji wao aliulizwa katika mkutano wa viongozi kama ilistahili, akajibu kwamba afadhali kuvujiwa.

Sasa Mathayo anasema asiyelisikiliza hata kanisa awe kwako kama mtoza ushuru. Watu huishia hapo kwa furaha. Lakini Bwana wetu watoza ushuru aliwaendea nyumbani akala nao. Yule mwajiri naye ana jina katika daftari la darasa huko kwao, na visanduku vyake ni vitupu tangu mwaka ule. Kiongozi wake ni mama muuza mboga. Amekwenda kwake mara nne. Mara mbili za kwanza mlango haukufunguliwa. Ya tatu aliachwa amesimama getini. Ya nne alipewa kiti.