Mlango wa Mji Mkongwe ndani ya Scratch

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa miaka 13, anatengeneza mchezo wa chemshabongo juu ya milango ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Mchezaji anaoneshwa mlango mzima, kisha anasogezwa karibu na nakshi moja, anaulizwa: huu ni mnyororo, samaki au yungiyungi? Basi Jumamosi moja akachukua simu ya kaka yake, akazunguka mitaa ya Hurumzi na Mkunazini akipiga picha, akaja nazo skuli. Alipoitia ya kwanza kwenye Scratch, programu ya kompyuta ambayo watoto hutengenezea michezo, akafuta kila kitu akabakisha mnyororo tu, kisha akaukuza hadi asilimia 400. Mnyororo ukageuka ngazi-ngazi.

"Maalim, simu ya kaka ina megapikseli 12. Mbona hivi?"

Naulizwa hili kila muhula, hata na walimu wenzangu, na wengi wao wameshaamua kuwa kamera ni mbovu. Kamera haina kosa.

Jukwaa la Scratch, pale spraiti (wahusika na vitu vya mchezo) zinapochezea, lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360. Katikati ni sifuri. Kulia unaishia 240, kushoto hasi 240, juu 180, chini hasi 180. Hizo ni hatua, wala si pikseli, vile vidoa vidogo vinavyojenga picha. Fungua mradi kwenye laptopu au utupie ukutani kwa projekta, hatua ni zile zile 480, ila kila moja imenenepa.

Picha ya simu ni habari nyingine. Mimi huifundisha kwa kofia ya viua, maana haikosekani nyumbani. Litazame ua la kofia kwa karibu: ni vitobo, kimoja kimoja, vimezungushiwa uzi. Kwa mbali unaona ua. Fundi akishamaliza kushona, vitobo haviongezeki. Ukiivuta kofia ya mtoto imtoshe baba yake (itachanika, lakini tuseme haikuchanika), ua litakuwa kubwa kwa vitobo vile vile, vimeachana tu. Pikseli ndiyo vitobo hivyo.

Sasa, kilichomponza binti huyu hakikutokea pale alipokuza. Kilitokea mapema, wakati wa kupakia, na Scratch haisemi neno. Kwa Scratch 3, hii tunayotumia tangu 2019, kila hatua ya jukwaa imetengewa pikseli mbili za picha kwa upana na mbili kwa kimo. Kwa hiyo picha haipewi nafasi zaidi ya pikseli 960 kwa 720. Iliyozidi hapo inapunguzwa mpaka itoshee, na zilizotupwa hazirudi.

Picha ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, kwa kawaida ni pikseli 4000 kwa 3000. Ikishapakiwa inakuwa 960 kwa 720, yaani kati ya kila pikseli 17 imebaki moja, kwa makisio. Mnyororo wake kwenye picha ya asili ulichukua kama pikseli 1000 kwa 700. Ndani ya Scratch ukabaki 240 kwa 168, sawa na hatua 120 kwa 84. Ukikuza kipande hicho mara nne unavuta kofia ya mtoto.

Nikamwambia aikate picha kwenye simu kwanza, ndipo aipakie. Kipande kile cha 1000 kwa 700 kinapunguzwa kidogo tu, 960 kwa 672, na kinajaza jukwaa karibu lote kwa asilimia 100 bila kukuzwa. Kamera ile ile, mnyororo ule ule, pikseli mara 16.

Kuna kioja kimoja hapo nikitaje, maana kilinipotezea jioni nzima. Picha ya pikseli 480 kwa 360 au chini yake Scratch huizidisha mara mbili, kwa hiyo jukwaani inaonekana kwa vipimo vyake: 480 inachukua hatua 480. Lakini picha ya pikseli 500 kwa 375 inaachwa kama ilivyo, na kwa kuwa kila hatua inakula pikseli mbili, inatokea na upana wa hatua 250. Kubwa inaonekana ndogo! Ukiliona hilo usidhani programu imeharibika.

Picha ya vekta, inayochorwa kwa maelekezo badala ya pikseli, mambo yake mepesi. Humo hamna kofia iliyoshonwa, mna maneno ya fundi: zungusha duara hapa, piga mstari mpaka pale, jaza rangi ya kahawia. Ukitaka kubwa, fundi anashona upya kwa kipimo kipya. Ndiyo maana vitufe na herufi za mchezo nawataka wavichore kwa vekta. Ukutani kwa projekta vinabaki vikali wakati picha za kamera zinalegea kidogo. Ila kile kitufe cha kugeuza bitimapu (picha ya pikseli) kuwa vekta kisikudanganye. Ukikibonyeza juu ya picha ya kamera, hakichori upya chochote. Kinaifunga picha yako, na vitobo vyake, ndani ya bahasha ya vekta.

Ilibaki namna ya kusogea kutoka mlango mzima hadi nakshi. Scratch haiachi spraiti ikue kupita mara moja na nusu ya jukwaa, kwa hiyo mlango uliojaza jukwaa unagota asilimia 150. Tukaufanya ukue pole pole mpaka hapo, kisha spraiti ibadili vazi, yaani picha inayoonekana nayo, ivae lile la mnyororo, na ukubwa urudi 100 papo hapo. Alisahau huko kurudi 100 mara mbili, nakshi ikatoka nje ya jukwaa, darasa zima likacheka.

Mnyororo sasa unahesabika pete kwa pete. Samaki bado. Picha ile aliipiga asubuhi, kivuli cha nyumba ya mbele kimelala nusu ya mlango, na giza lile halikatwi wala halikuzwi. Itabidi arudi saa sita, jua likishafika uchochoroni.