Namba ya oktani inapima nini hasa

Katika kabati la maabara ninakofanyia kazi kuna chupa mbili ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Moja ina heptani, nyingine aisooktani. Zote hazina rangi, zote ni kaboni na hidrojeni tupu, na ukizipasha moto, ya kwanza huchemka kwenye nyuzi 98 za Selsiasi na ya pili kwenye 99. Sasa ziingize kwenye injini ya petroli. Heptani itaigonga injini hiyo kana kwamba kuna nyundo ndani ya silinda. Aisooktani itaizungusha kwa utulivu kabisa.

Mwaka 1926 mkemia Mmarekani Graham Edgar alipendekeza vimiminika hivi viwili viwe ncha za kipimo kimoja, namba ya oktani: heptani ipewe 0, aisooktani ipewe 100. Kwa hiyo petroli ya 95 ni petroli inayostahimili kugonga sawasawa na mchanganyiko wa aisooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Tunaipima kwenye injini maalumu ya silinda moja, ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa huku inazunguka.

Watu wengi huniuliza kama oktani kubwa ina nguvu zaidi. Hapana. Oktani haipimi nishati iliyomo kwenye lita, inapima uvumilivu. Pistoni inapopanda hubana mchanganyiko wa hewa na petroli, na kitu kikibanwa hupata joto. Tunataka mchanganyiko huo usubiri cheche ya plagi, kisha moto usambae kwa mpangilio kutoka hapo. Petroli isiyo na subira hujiwasha yenyewe kwenye pembe ambazo moto haujafika, na shinikizo linalopanda ghafla ndilo unalolisikia likigonga. Kama injini yako haikuundwa kwa mgandamizo mkubwa, kulipia oktani ya ziada hakukuongezei kitu.

Kwa nini aisooktani ina subira? Jibu ni umbo lake, na hapa ndipo kemia ya mafuta inaponivutia kuliko mahali pengine popote. Heptani ni mnyororo ulionyooka wa kaboni saba. Kati ya hidrojeni zake 16, kumi zimekaa katikati ya mnyororo, mahali ambapo ni rahisi kung'olewa. Moja ikishang'oka, oksijeni hudaka nafasi, na mtafaruku unaanza kabla cheche haijatokea. Aisooktani ina matawi. Kati ya hidrojeni zake 18, kumi na tano ziko kwenye ncha, zimeshikwa kwa nguvu zaidi. Na tafadhali usidanganywe na jina: oktani iliyonyooka, yenye kaboni nane na hidrojeni 18 zilezile, hupata namba iliyo chini ya sifuri. Idadi ya atomu ni ileile, mpangilio tu ndio tofauti.

Tatizo ni kwamba ardhi haitupi maumbo tunayoyataka. Mafuta ghafi ni maelfu ya molekuli pamoja: minyororo, pete, pete zenye harufu kama benzini, na mabonge mazito ya lami. Kwa uzito, kaboni ni kama asilimia 83 hadi 87, hidrojeni 10 hadi 14, halafu salfa, nitrojeni, na chembe za nikeli na vanadi. (Mwaka 1934 Mjerumani Alfred Treibs alionyesha kwamba baadhi ya metali hizo zimeshikwa ndani ya pete zinazotokana na klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Kila nikishika sampuli nyeusi ya mafuta ghafi nakumbuka hilo.)

Kiwandani mafuta ghafi hupashwa hadi nyuzi 350 na kidogo, kisha mvuke hupanda kwenye mnara. Gesi na petroli hutoka juu, mafuta ya taa na dizeli katikati, mazito hubaki chini. Lakini mnara unachambua kwa kiwango cha kuchemka, yaani takriban kwa ukubwa. Umbo haulioni. Zile chupa zangu mbili zingetoka kwenye bomba moja. Ndiyo maana petroli inayotoka moja kwa moja mnarani huwa na oktani duni, na ni lazima ifinyangwe upya: minyororo hugeuzwa kuwa pete juu ya kichocheo cha platinamu, mingine hutiwa matawi, na molekuli kubwa huvunjwa kwa vichocheo, kazi ambayo Mfaransa Eugène Houdry aliifikisha viwandani katika miaka ya 1930.

Kulikuwa na njia ya mkato. Mwaka 1921 Thomas Midgley na wenzake waligundua kwamba kemikali kidogo tu yenye risasi (ile metali nzito, lead) hunyamazisha kugonga huko. Risasi ni sumu ya ubongo, hasa kwa watoto, na hatari yake ilijulikana tangu zamani. Hata hivyo petroli yenye risasi iliendelea kuuzwa kwa magari hadi 2021, Algeria ilipokuwa nchi ya mwisho kuiacha. Sioni namna ya kuitetea karne hiyo.

Dizeli inageuza kila kitu. Injini yake haina plagi ya cheche. Hewa peke yake hubanwa mpaka iwe moto mkali, ndipo mafuta hunyunyizwa, na yanapaswa kuwaka mara moja. Hapo mnyororo ulionyooka, uliokuwa balaa kwenye petroli, ndio unaotafutwa: hexadekani, kaboni 16 zilizonyooka, ndiyo iliyopewa 100 kwenye kipimo cha setani, kinachopima wepesi wa dizeli kujiwasha.

Ndiyo sababu mtu anapochakachua petroli kwa mafuta ya taa, huharibu mara mbili. Minyororo mirefu hushusha oktani, na molekuli nzito hazivukizi vizuri, zinaacha masizi. Sisi maabara huchemsha sampuli na kufuatilia kipimajoto: petroli safi huwa imeisha kwenye takriban nyuzi 210, ila iliyochakachuliwa bado inadondoka.